Kifaru Haruhusiwi Kuitika

Jumatatu, 1 Julai

Tiketi zimetoka! Siku ya familia za wafanyakazi, Jumamosi hii, bure, watu watatu: mimi, mama mkwe, na Difa wetu wa miaka miwili na miezi miwili. Nimezibandika kwenye friji. Kila nikipita nazisoma tena, na wala hazina maneno mengi.

Miezi mitano sasa Rojali, baba yake Difa, anavaa vazi la Kifaru Bimo, kikaragosi cha kule bustani ya michezo. Anaondoka mtoto amelala, anarudi mtoto amelala. Leo anakula, hata macho hakuinua, kaniambia: kwa siku watoto mia tatu wananikumbatia. Wangu bado.

Basi nimelishika hilo. Jumamosi Difa amkumbatie Kifaru! Taabu ni moja — Difa anaogopa vichwa vikubwa. Siku ondel-ondel walipopita mtaani kwenye tohara ya mtoto wa jirani, yale masanamu marefu na ngoma zao, alinipanda mpaka shingoni. Wiki nzima hakutaka kutoka nje.

Jumatano, 3 Julai

Mazoezi! Nimejivika boksi la jiko la umeme la kupikia wali kichwani, nimelitoboa macho, nikacheza katikati ya sebule. Difa kakimbilia chini ya meza. Mama mkwe kasema hata yeye mtu mzima kashtuka, na ananijua.

Sikukata tamaa. Boksi nikampa Difa alivae mwenyewe. Kaligongesha ukutani, kacheka. Kaligongesha tena. Jioni nikalivaa mimi, na safari hii hakukimbia — kanirushia biskuti kwenye tundu la jicho. Haba na haba hujaza kibaba.

Ijumaa, 5 Julai

Leo nimejua jambo ambalo Rojali alinificha. Miezi ya majaribio inaisha mwezi huu. Msimamizi wao, Bi Hesti, ndiye atakayesema abaki au aende. Na kanuni kubwa ni moja: aliye ndani ya Kifaru hasemi. Hata neno. Mwenzao alipiga chafya akasema alhamdulillahi, akaandikiwa onyo.

Nikamwuliza, na ukisahau je? "Mama Difa," kasema, "kwani hapa nyumbani huwa nasema nini?"

Kweli. Gauni la Difa nimelipiga pasi mara mbili.

Jumamosi, 6 Julai — saa tano asubuhi

Tumo ndani! Naandika kwenye benchi, Difa kasinzia kidogo kwenye kigari. Chakula cha nje hakiruhusiwi, kwa hiyo mama mkwe alificha wali wake uliofungwa kwa majani ya mgomba chini ya nepi. Mlinzi kafungua begi, kaona nepi. "Safi zote, mwanangu," mama mkwe kamwambia, "ila kama una shaka, kagua." Kalifunga haraka.

Difa kapanda treni yenye umbo la kiwavi mara tatu. Kwenye farasi wa kuzunguka alishikilia shingo ya farasi wake, ikabidi watu wawili wambandue. Kelele nilipiga mimi kuliko yeye.

Halafu saa nne — Kifaru! Katokea uwanjani na muziki wake. Difa kasimama, kaangalia. Mara kachomoka, kamkumbatia goti! Mama mkwe alilia, mimi nililia, nikapiga picha kumi na nane.

Dakika tano hazijapita, nani huyu anatoka kantini ya wafanyakazi na fulana yake ya nyumbani? Rojali. Kasema zamu yake ni saa saba, huyo wa asubuhi ni Ujang. "Mmeshamwona? Hakulia?"

Nikasema tumemwona kwa mbali. Mama mkwe kainua macho akawa anahesabu mawingu. Simu nimeizika chini kabisa ya begi. Mungu anisamehe. Na saa saba Difa asije akamkataa huyu wa kwetu.

Saa saba na nusu

Naandika mbio. Kwa furaha, kwa woga, sijui — vyote.

Kifaru katoka. Nikamwachia Difa. Kakimbia kama asubuhi, na hatua tatu kabla ya kumfikia kasimama. Kawa anautazama mguu wa kushoto, ule ambao Rojali huuburuta kidogo tangu alipoanguka na pikipiki. Kifaru kafungua mikono. Difa hakwenda. Nikajua mambo yameharibika.

"Baba," Difa kasema.

Kifaru kimya. Bi Hesti alikuwa pale pale pembeni na karatasi zake. Difa kaita tena, mdomo sasa unaanza kupinda, maana kwetu mtu akiitwa huitika. Nyuma foleni ya watoto, wazazi wameinua simu. Mara ya tatu ilikuwa kilio.

"Naam, mama," Kifaru kaitika.

Mtoto mmoja kwenye foleni kasema huyu anaongea. Basi wote wakamvamia kwa maswali: unakula nini, unalala wapi, unakojoa wapi. Yeye hakusikia. Difa yuko kifuani pake, kaegemeza shavu kwenye pembe, na Kifaru mabega yanamtikisika. Bi Hesti kasema kwa upole, upole wa kutisha, kwamba Kifaru amechoka. Kamwongoza mpaka mlango wa wafanyakazi.

Ndipo tulipo sasa, nje ya mlango huo. Dakika ishirini. Mama mkwe anagawa ule wali, hata mlinzi kala. Kazi hii tuliisubiri mwaka mzima. Ningepaswa kuogopa tu, lakini nimefurahi, nimefurahi vibaya!

Mlango umefunguka. Bi Hesti, peke yake, amekipakata kichwa cha Kifaru. Nimemwuliza Rojali yuko wapi, kageuka kuutazama mlango. Difa kashuka mapajani mwangu, kaenda mwenyewe, kakivuta kichwa chini kwa pembe na kuingiza uso ndani, kwenye giza.

"Baba?"

Bi Hesti hakiondoi. Difa anasubiri aitikiwe.