Kwa Baba, Aliyeng'oa Mlango wa Chumba cha Mashine

Mwaka umetimia, baba, tangu presha ilipokuangusha kwenye karakana ya hospitali, penseli ikiwa bado sikioni.

Ulikuwa seremala wa wodi zote. Kitanda kikilegea unaitwa wewe, droo ikigoma wewe. Asubuhi hukuwa mtu wa maneno kabla ya chai, na mama alikuwa akisema yeye kaolewa na msumeno. Ulicheka, ukaomba kikombe cha pili.

Jambo moja hukutuambia. Tulilikuta kwenye barua ya onyo, ndani ya koti lako, wiki ya pili baada ya maziko. Muuguzi wa wodi ya wazazi ndiye aliyetumalizia kisa.

Ilikuwa siku ya tano tangu nijifungue. Pumzi ilinikata ghafla, presha ikashuka. Daktari alisema nikipelekwa kwenye kipimo kikubwa, nje ya hospitali, nitafia njiani. Alidhani damu imeganda mguuni ikapanda kuziba mapafu, lakini dawa ya kuiyeyusha nayo ingeweza kunitoa damu nyingi, hakutaka kubahatisha. Alitaka kwanza autazame moyo kwa altrasaundi, palepale kitandani. Mashine ilikuwa imefungiwa chumbani mwake. Ufunguo alikuwa nao msimamizi, yuko kikaoni upande wa pili wa mji, simu hapokei.

Ukachukua bisibisi, ukang'oa mlango mzima kwenye bawaba.

Mimi nakumbuka ubaridi wa jeli kifuani, na daktari akimwonyesha muuguzi kwenye skrini kwamba upande wa kulia wa moyo umevimba, unaubana wa kushoto. "Unasukuma damu, njia imeziba," alisema. "Leta dawa." Kufika jioni niliweza kumaliza sentensi.

Mlango uliurudisha siku ileile. Msimamizi akauliza nani kakuruhusu. Muuguzi anasema ulijibu polepole, kofia mkononi: "Mkuu, mlango nimeurudisha. Binti yangu ningemrudisha kwa bisibisi gani?" Barua ikaandikwa hata hivyo, ukatia sahihi.

Kwangu ulisema tu kwamba mashine ilikuwepo. Miaka mitatu iliyofuata nilikuja kwako kila Jumapili, nikafua mashati yako, nikakugombeza kwa kusahau vidonge vya presha, na sikukushukuru kwa sababu sikujua. Nakushukuru leo, mbele ya wanaosoma.

Unakumbukwa na mkeo, na sisi wanao wawili, mimi na kaka, na mkweo, na mjukuu wako uliyemwita Mzee Mdogo, ambaye siku ile angebaki bila mama.

Hatutakusahau, baba, maadamu tunapumua.