Baba na mtambo wa dizeli

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa wizarani. Sijui natokaje.

Nilikuwa nawaeleza wananchi mpango wa kupunguza moshi kisiwani. Nikaonyesha picha ya mtambo wa dizeli utakaozimwa. Kumbe baba yumo pembeni, na ovaroli lake. Picha niliipiga mwenyewe na sikumwona.

Mtu akasema, "Huyo si baba yake?" Ukumbi ukaangua kicheko. Na baba amekaa mstari wa mbele.

Miaka thelathini na moja kwenye mtambo ule. Ndio ulionisomesha.

Akasimama. Hakuniita mwanangu.

"Mtaalamu, siku ya kuuzima, naomba niuzime mimi."

Mtaalamu. Baba yangu mzazi.

Na mimi nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Ombi limepokelewa. Swali lingine?"