Kompyuta Nane za Mwalimu Banza

Annexe, Lubumbashi
Jumatatu, baada ya mvua

Yaya Masika,

Nakusalimu dada yangu mkubwa, pamoja na shemeji, na mama kwa namna ya pekee. Mguu wake umeshuka uvimbe? Mtu aliyetoka Butembo aliniambia anatembea mwenyewe mpaka kanisani. Nilifurahi, lakini watu wa safari hupenda kutuambia yale tunayotaka kusikia, kwa hiyo wewe niandikie ukweli. Mimi mwili ni mzima. Nimepungua kidogo, usishtuke ukiona picha. Barua hii nampa dereva anayepita Zambia na Tanzania, kwa sababu simu zenu zinakatika na mambo haya hayasemeki kwa dakika mbili.

Kazi ya depo imekufa. Tangu vita ifunge njia za kwetu, hakuna anayepakia tena mali kutoka mpakani Kasumbalesa kupeleka Kivu. Patron, mwenye depo, alituita, akasema, "Bandugu, hata miye sijue kesho itakuwa namna gani," akafunga mlango. Wenzangu wawili wameenda kuchimba. Mimi nikarudi kwenye kazi aliyotufundisha marehemu baba, kutengeneza redio. Nina meza mbele ya nyumba na mwavuli. Siku nyingine anakuja mteja, siku nyingine nakaa na jua tu.

Sasa nataka kukueleza kazi moja niliyoipata, maana tangu niimalize sina raha.

Hapa Annexe kuna mzee ninayesali naye, Mwalimu Banza. Alifundisha hesabu Likasi miaka mingi, akahamia huku baada ya mkewe kufariki. Jumapili moja aliniona nimefungua kipaza sauti cha kwaya kilichoharibika, akasimama nyuma yangu akitazama mpaka nikamaliza.

"Mwana, unaweza kutengeneza ordinateur ya zamani?"

Nikamwambia sijui mpaka niione.

"Iko munane," akasema.

Zilikuwa kwenye masanduku ya bati, katika chumba cha uani. Usifikirie kompyuta za siku hizi. Hizi ni kibodi nene tu, na mashine yote imo humo ndani. Unaichomeka kwenye televisheni, na programu inatoka kwenye kaseti ya kawaida kama zile za nyimbo. Wahandisi wa mgodi waliziacha walipokuwa wanarudi Ulaya. Mwalimu aliziomba moja moja, akaanzisha klabu ya wanafunzi nyumbani kwake. Kisha zikafungiwa, hata alipohamia huku, zikakaa hivyo zaidi ya miaka thelathini.

Nilidhani anataka kuziuza. Hapana. Alitoa simu akanisikilizisha ujumbe wa sauti wa mama mmoja anayeitwa Ntumba, anayeishi Mbuji-Mayi. Zamani alikuwa klabuni pamoja na mdogo wake Kazadi. Wote wawili walizaliwa Likasi, lakini wazazi wao walikuwa watu wa Kasai. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, familia yao ilitolewa nyumbani, ikakaa kituo cha treni wiki nyingi ikingoja behewa. Kazadi akaanza kuharisha, akafia palepale kituoni. Hawakutoka na picha yake hata moja. Ila Ntumba alikumbuka kwamba mdogo wake alikuwa ameandika programu, na kaseti ilibaki kwa Mwalimu.

"Mama amekufa mwaka huu," sauti ilisema. "Nimebaki miye peke yangu wa kukumbuka ile mutoto. Kama kaseti ingaliko, Mwalimu, nakuomba."

Nilimuuliza Mwalimu kama aliwaaga siku ile. Akajibu, "Balipita kwangu," akaanza kufungua sanduku lingine.

Yaya, nilifanya kazi ile wiki tatu. Panya walikuwa wamekojoa ndani ya mashine mbili mpaka njia za shaba zikaliwa na kutu ya kijani. Hizo nilizifanya spea. Moja nilipoiwasha ilitoa moshi na harufu ya samaki. Nyingine ilionyesha viraka vyeusi tu. Nilibadilisha vile vipipa vidogo vya kutunza umeme, nikichukua vya redio zilizokufa. Nilisugua miguu ya vipande vyote kwa alkoholi, nikavitoa na kuvirudisha. Umeme unakuja kwa zamu mtaani kwetu, kwa hiyo nilikuwa naacha sahani ya ugali wa bukari katikati nikisikia friji ya jirani imeanza kunguruma, nikakimbia kwa Mwalimu. Mara zote nilimkuta ameshakaa mbele ya ile televisheni yake ya mgongo mkubwa, ananisubiri, hata siku ambazo hatukuwa tumeahidiana.

Mwisho tatu ziliwaka. Ya kwanza ilipoonyesha mstari mmoja wa maandishi na alama inayopepesa, Mwalimu aligusa kioo kwa kidole kama anayepima homa. Nilidhani ni furaha.

Kaseti ndiyo iliyonitesa. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, KAZADI, herufi ya tatu imegeuzwa. Mkanda ulikuwa na ukungu mweupe. Niliufuta wote kwa kitambaa laini, nikiuzungusha polepole kwa penseli. Raba ya redio ya kaseti ilikuwa imeyeyuka kuwa lami, nikanunua nyingine sokoni. Kisha nikalegeza skrubu ya kichwa kinachosoma mkanda, nikaigeuza kidogo kidogo, nikisikiliza mpaka ule mlio wake ukawa mkali na safi. Mara nne kompyuta ilikataa. Ya tano, Jumapili baada ya ibada, ilikubali.

Kwenye kioo kukaandikwa kwa Kifaransa: JINA LAKO? Chini yake: UMRI WAKO?

Mwalimu alimpigia Ntumba palepale, akaweka simu mezani kwa sauti kubwa. Miaka yote hiyo Mbuji-Mayi, lakini Kiswahili chake ni cha huku kabisa.

"Mama, imefunguka," nilimwambia. "Inauliza jina. Niandike lako?"

"Andika Kazadi."

Nikaandika. "Sasa inauliza umri. Niweke ngapi?"

"Kumi na moja," akasema.

Ilikuwa programu ya hesabu za kuzidisha. Mtoto alikuwa amejitungia mtihani wake mwenyewe. Nilimsomea maswali, naye akajibu kutoka Mbuji-Mayi: saba mara nane, sita mara tisa. Kila alipopata, kioo kiliandika BRAVO KAZADI. Nikamsomea kila mara. Kisha akauliza, "Na ukikosa?"

"Sijui, mama. Hujakosa."

"Andika makosa, tuone."

Nikaandika kwamba tatu mara tatu ni mbili. Kioo kikaandika: MUULIZE NTUMBA.

Nikamsomea. Kwanza alicheka, kicheko kifupi cha msichana. Kisha akalia, na mimi nikaangalia meza. Sikujua pa kuweka mikono.

Mwalimu ndiye aliyevuta simu karibu. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

"Ntumba, niko na neno. Ile siku mulikuja kwangu na mizigo, baba yako aliniomba chumba ya uani, mulale tu mpaka treni ifike. Nilibaambia imejaa ordinateur, hakuna nafasi. Nilibadanganya. Nafasi ilikuwa. Niliogopa bale bantu ba kubafukuza bakibakuta kwangu, batavunja kila kitu. Nilificha masini, nyinyi nikabaacha muende gare ya treni. Kazadi angelala mu nyumba, pengine…"

Hakumaliza. Huko upande wa pili tulisikia jogoo, na mlango unafungwa.

"Tulijuaka, Mwalimu," Ntumba akasema. "Mama alichungulia ku dirisha yenu tukienda. Alituonyesha. Masini zilikuwa zimelala ku godoro."

"Mama hakusema mubaya juu yako mpaka kufa kwake," akaendelea. "Alikuwa anasema tu, ile godoro ilikuwa mupya. Kaseti mutanitumia. Asante, fundi." Akakata.

Kesho yake nilirudi ili ninakili programu kwenye kaseti nyingine kabla ya kuituma. Haikusoma tena. Nilijaribu mchana kutwa. Unga wa mkanda ulikuwa umebaki wote kwenye kichwa cha redio, kahawia, nikaufuta kwa pamba, na programu ndiyo hiyo, imebaki kwenye pamba. Nilimpigia Ntumba nikamwambia ukweli. Alisema nitume hivyo hivyo, na nimtumie pia ile pamba. Nimeituma pamoja na mashine iliyosoma. Mwalimu hakutoka kuniaga. Haji kanisani sasa. Nikipita namkuta amekaa uani, mlango wa kile chumba uko wazi, ndani hamna kitu, kompyuta zilizobaki amezitoa zote nje zinyeshewe. Nilitaka kuzifunika. Akaniambia, "Ziache."

Yaya, kuhusu Kavira mdogo wetu na watoto wake wawili waliokimbia vita. Uliponiomba niwapokee nilikujibu kwamba chumba changu cha pili kimejaa katoni za patron. Ni kweli kimejaa. Ni kweli pia kwamba niliogopa: midomo mitatu, na mimi sina kazi, na huku watu wa kwetu tumeanza kutazamwa vibaya. Sikukueleza hilo. Jana nimezitoa katoni, nimezipanga chini ya turubai ukutani. Zikiibiwa nitajibu mimi. Nimefagia. Godoro ni moja na si jipya, lakini watatu wataenea. Waambie wapite Uganda na Tanzania, washuke upande wa Zambia. Wanitumie neno wakifika mpakani. Nitakuwa Kasumbalesa kabla yao, hata nikilala huko siku mbili.

Nisalimie mama, umsomee polepole. Nisalimie shemeji, na mchungaji wetu aliyenipa Biblia ya safari, na mama jirani anayewachotea maji tangu bomba likauke. Kavira mwambie asibebe vyombo, vipo.

Ndimi mdogo wako ninayewawaza kila siku,

Kakule