Chui wa Baba Mlangoni

Shauri Moyo,
Nairobi.
19 Agosti 1996

Mpendwa Dada Kathini,

Pokea salamu tele kutoka kwetu. Huko Gaborone baridi imepungua? Mgongo wako je, na kazi ya wodini? Sisi ni wazima, ila macho ya Baba yanazidi kuingia ukungu. Hata hivyo anakula vizuri, na chai ikikosa sukari nakiona cha moto.

Dada, tumefika kwenye hekalu la Wahindi! Lile la mlimani, ambalo mlango wake Baba alituambia tangu utotoni kuwa aliuchonga yeye. Krismasi ulipomwambia mbele ya wageni apunguze chumvi, aliikatiza hadithi, na tangu siku ile hajasimulia nyingine hata moja. Iliniuma sana. Kwa hivyo Kitonga, jirani yetu dereva wa duka la mbao, aliposema Jumapili anawapeleka matajiri wake huko kusali, nilimwomba nafasi mbili.

Hekalu liko juu kabisa, katikati ya msitu. Mbega wanaruka mitini, kanga wanavuka njia bila haraka, na nyani mmoja alininyang'anya ndizi zote nilizobeba. Nilipiga mayowe, Baba akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho.

Kabla ya kupanda ngazi tukavua viatu. Kumbe ngozi yoyote hairuhusiwi. "Mzee, hata mshipi acha hapa," Kitonga akasema. Unazijua suruali za Baba! Nikamfunga kiunoni kwa leso yangu ya maua, akapanda polepole kama bibi harusi.

Mlangoni amechongwa mungu wao mama, amepanda mnyama. Kuhani mzee alinieleza kuwa kwa kawaida hupanda simbamarara, lakini fundi wa zamani alimpa chui, madoa yote. Wenye hekalu wakamwacha hivyo hivyo. "Simbamarara hapana jua hii msitu," akasema. "Chui iko nyumbani."

Fundi huyo alikuwa nani? Kuhani hakujua. Na kama si Baba, ningerudi naye vipi nyumbani?

Baba akapapasa mlango kwa vidole. "Simbamarara mimi ningemwona wapi?" akanung'unika. Kisha akasema, "Sikio la kushoto la chui lilinivunjikia. Nililiunga kwa kijiti, huku nyuma." Nikapeleka kidole nyuma ya sikio. Kijiti kipo, Dada. Nililia mbele ya Wahindi wote, bila haya.

Kurudi alizungumza njia nzima, Kitonga hakupata hata nafasi ya kukohoa. Lakini tulipofika nyumbani akaniuliza taratibu, "Kathini atajua?"

Mwandikie yeye, Dada, si mimi. Nitamsomea. Msamaha usiurefushe. Muulize tu habari za sikio la kushoto, kisha umwache asimulie.

Msalimie shemeji Mativo na umbusu Kavindu mdogo. Mama Ambaro wa mlango wa pili anauliza utakuja lini. Mungu awafunike huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukununia kidogo,

Mbithe