Mate ya Mwinshehe

Chanika,
Dar es Salaam.
14 Septemba 2025.

Mpendwa mpwa wangu Jenipher,

Marahaba, hata kama shikamoo yako bado iko njiani. Hujambo huko Ujerumani? Masikio hayajaganda? Mie, unavyonijua, tangu nizaliwe nimemeza vidonge viwili, na kimoja nilikitema. Juzi nimebeba gogo la mpingo toka stendi peke yangu, mwenye lori akaniuliza natumia dizeli au petroli.

Mjukuu wangu Recho ndiye si mzima. Tumbo limejaa kama ngoma, damu inapungua kila mwezi, na ana miaka minne tu. Uliposema kasoro ni ya kimeng'enya, ya kurithi kwa baba na mama, na kwamba hapo kazini kwenu mnavichonga upya mpaka vikae sawa viwe dawa, nilikuelewa kuliko daktari. Mie si mchongaji? Patasi ikiteleza padogo tu, kinyago kizima kinacheka vibaya.

Ila ulipoleta vile vichupa viwili, ukataka niteme mate kwa niaba ya marehemu mwanangu Wilbert, baba yake Recho, hapo nikakaa chini. Mate ya mtu mzima ni ya kumbariki mtoto, si ya kupandishwa ndege! Wazungu wana shida gani na mate ya mtu mwenye nguvu kama mie? Wakinichonga na mie, wakaniuza madukani?

Basi nikatega mtego. Kichupa nikampa mtani wangu Mwinshehe, fundi baiskeli, akatema yeye. Nikasema, wakiwa wakweli watagundua, wakiwa matapeli watasifu.

Wamegundua. Majibu yako yalifika kwenye simu ya mkaza mjomba wako, Yuliana: mwenye mate haya hana damu moja na mtoto. Yuliana hakuniuliza neno. Alimfuata mkwe wetu, mama yake Recho, uani, anafua.

"We Jesca, huyu mtoto ulimwokota wapi?"

"Kamuulize Wilbert kaburini, mama."

Jesca akaingia ndani kufunga mizigo, arudi kwao na Recho, na huko kwao hakuna pa kumtundikia dripu za hiyo dawa yenu.

Nilikuwa palepale nanoa patasi. Mie niliyemfukuza chui kwa kofia kule Newala, sikufungua kinywa.

Mwinshehe aliposikia alicheka, halafu akaacha. "Ferdinand, utani una mwisho. Yule binti unamzika mzima."

Asubuhi ya leo nimewaita wote wawili nikasema kila kitu. Yuliana amenitukana mpaka kuku wakahama uani. Jesca yeye aliniletea kichupa cha pili. "Tema, baba. Nakuangalia."

Nimetema. Ndicho hicho kimekuja na barua hii. Wahimize wapime haraka, mpwa wangu, maana mizigo iko mlangoni bado, na Jesca amesema ataifungua siku majibu yakija. Andika jina lake kwenye majibu, na uandike kuwa kosa ni langu. Mate yatakayobaki wayamwage, ukiwaona kwa macho yako. Bado siwaamini sana.

Msalimie mumeo Revelian. Mola akutangulie kila unapokanyaga.

Yaliyobaki kinywani nimempaka Recho utosini.

Wako akupendaye,
Mjomba Ferdinand