Kitambaa Mbele ya Rejeta

Mama Gorret, salamu kutoka kwa msikilizaji wako wa Nakivale. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu: pikipiki ya mjomba inachemka kwa sababu yangu, na mtu mwingine anasingiziwa. Naomba unisaidie.

Mjomba, nimwite Adolphe ingawa si jina lake, ni mwinjilisti, na pikipiki yake ni ile ndefu ya milima na matope, yenye rejeta ya kupozea injini kama gari, aliachiwa na mgeni wa kanisa, nayo ndiyo inayobeba wagonjwa wa kijiji chetu, na tangu nimalize sinia ya nne shuleni kuiosha ni kazi yangu, basi matope ya barabara ya Rwekubo yalikuwa yakijaa katika vile visahani vyembamba vya rejeta hata nikichokoa kwa kijiti hayaishi, nikafikiri, kwetu kila kitu cha heshima huvishwa kitambaa, redio, viti, hata chupa ya chai, nikakunja kitenge mara mbili nikashona, nikakifunga mbele ya rejeta, ndani ya kava la plastiki, pasipoonekana, na kweli matope yakakoma, mjomba akanisifu.

Sasa inatokota. Wiki hiyohiyo fundi wa Rwekubo, nimwite Byaruhanga, alikuwa amebadilisha oili, kwa hiyo mjomba alimwendea gerejini mbele ya watu.

"Weye Byaruhanga, ulitia nini mu pikipiki yangu? Tangu uishike inatokota sawa maharagi!"

"Mzee, mimi nabadilisha oili tu. Kwa rejeta sikugusa."

"Mwinjilisti, lete majani tupike chai!" akapaza sauti mtu wa bodaboda. Watu wakacheka. Byaruhanga hakucheka.

Tangu siku hiyo wateja wanampita, na ndiye aliyekubali kunifundisha ufundi, mimi msichana, nilipomwomba kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, sasa nikisema atanifukuza kabla sijaanza, na nikikitoa kitambaa kimyakimya pikipiki itapona lakini yeye atabaki na lile kosa, na kila mjomba anapompakia mgonjwa naomba Mungu isizime njiani. Tafadhali usisome jina langu redioni. Siri hii ibaki kwako.

*

Binti yangu, pole. Sasa nisikilize.

Kufunga kitambaa hakukuwa kosa la moyo. Rejeta hupozwa na upepo, nawe uliiziba pua kwa mapenzi. Lakini kunyamaza huku Byaruhanga anachekwa, hilo ni kosa, na unalirudia kila asubuhi. Tena unaona haya kusema, huku mgonjwa anapandishwa juu ya pikipiki unayojua ina shida? Hapo nakugombeza bila huruma.

Kitoe leo, kabla mjomba hajaiwasha. Nimemuuliza fundi mmoja wa hapa mjini, mtaa wa Kamukuzi. Osha visahani kwa maji ya taratibu kutoka nyuma kuja mbele, kwa brashi laini, na hicho kijiti ukitupe, maana visahani vikilala upepo haupiti. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa moto, utababuka uso. Ikishapoa, tazama kama maji yamepungua, uongeze dawa ya kupozea, wala si maji ya ziwani. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia ndani ya injini, pikipiki isiwashwe kabisa mpaka fundi aione.

Fundi gani? Huyohuyo! Mpe mjomba kitambaa, mwambie ukweli, kisha mwende wote wawili gereji, naye aombe samahani palepale alipomtukania mwenzake, mbele ya walewale waliocheka. Sauti yako ikikataa kutoka, mwonyeshe Byaruhanga kitambaa. Ataelewa. Huenda akakataa kukufundisha, sitakudanganya, lakini mtu wa kukabidhiwa injini za watu lazima aweze kusema, "Hapa nilikosea mimi."

Barua yako nimeisoma hewani, ila jina lako sikulisoma. Lakini pikipiki yenye rejeta haijifichi Nakivale, kwa hiyo usingoje kipindi kiishe. Simama sasa, uende.

Nanyi wasikilizaji wa Rwekubo, hata mkimtambua, nyamazeni. Mwacheni afike gereji yeye mwenyewe, kitambaa mkononi.