Risasi za Baba

Malava, Jumapili mchana

Kwako kaka Cornelius,

Sisi tuko salama, mvua inanyesha na mahindi yamefika magotini. Salamu zimeisha, sasa nisikilize kwa sababu nimekasirika.

Ile kalibu ya kutengenezea risasi uliyomtumia Baba ilifika. Aliyeyusha madini ya betri kuukuu ndani ya sufuria yangu ya kusongea obusuma! Sufuria nimeitupa chooni. Nilipolalamika, akaniambia askari mstaafu mwenye leseni hafundishwi kazi na binti yake.

Leo tulipotoka kanisani akachukua bastola kuzijaribu risasi zake kwa mara ya kwanza. Aliweka mkebe wa mafuta juu ya kichuguu, hatua kumi tu, akafyatua mara sita. Mkebe haukutikisika. Risasi moja ilitoboa ukuta wa jikoni, na Mama alikuwa ndani akisonga obusuma. Unajua Baba alisema nini? Eti risasi zimepinda, eti wewe ulinunua kalibu mbovu. Nilikimbilia jikoni nikamkuta Mama mzima.

Tulipokaa kula, Mama alimwekea firigisi ya kuku juu kabisa ya sahani, kama kawaida ya mwenye boma. Baba akauliza, "Firigisi yangu mmempa nani?" Akaanza kupapasa sahani kwa vidole mpaka akaigusa.

Kaka, risasi hazikuwa na kosa. Njoo uichukue hiyo bastola wewe mwenyewe, maana mimi nikiiomba, atajua kwamba tumeona.

Dada yako,
Khalayi